Kitufe cha Lakini

Iko nchi moja, na tafadhali msiitafute kwenye ramani, mtaisumbua ramani bure, ambayo serikali yake iliwapenda wananchi mpaka ikawakataza kuugua. Nchi nyingine hujenga hospitali, zikanunua dawa, zikaajiri waganga. Ile ilikuwa na viongozi werevu kuliko hayo. Ilinunua mashine.

Mashine iliitwa Mkarimu. Ilisimama kwenye lango la kila hospitali, ndefu kama mtu, kifuani ina kioo, na ndani ya kioo mna sauti ya mwanamke aliyelelewa vizuri. Siku ya kuizindua, Waziri wa Vioo na Uelekevu, Mheshimiwa Mhandisi Dakta Faraji Mkwanda, alikata utepe mara tatu, kwa sababu mpiga picha hakuwa tayari mara mbili za mwanzo. Kisha akakohoa, akasema:

"Ndugu wananchi! Huko nyuma mgonjwa alikuwa anakutana na karani. Karani ananuna. Karani kaenda kunywa chai. Leo hayo yamekwisha! Mkarimu hanuni. Mkarimu hanywi chai. Mkarimu anakusalimia kabla hujamsalimia! Wataalamu wetu wamekifunua kichwa cha binadamu, wakachungulia ndani, wakaona jinsi akili inavyokwenda, jinsi jicho linavyotangulia na kidole kinavyofuata. Wakaitengeneza mashine hii ifanane na kichwa hicho. Mkiitazama, mnajitazama ninyi wenyewe!"

Wananchi wakapiga makofi. Wakaitazama mashine. Hawakujiona, lakini walidhani ni jua.

Hakuna aliyeuliza kilikuwa kichwa cha nani. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba mashine ilijaribiwa kwa watu arobaini, wote maofisa wa wizara, wote wazima, wameketi kwenye ukumbi wenye kipoza hewa. Kila mmoja aliulizwa habari yake, akabonyeza "nzuri", akapewa sambusa mbili. Ripoti ilisema jaribio lilifaulu asilimia mia, na kwamba sambusa hazikutosha.

*

Katika mji mmoja wa nchi hiyo aliishi fundi aitwaye Ngwali, mchonga mbuzi za kukunia nazi. Elimu yake ilikuwa darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe hakulimaliza, alitolewa akashikishwa tezo. Lakini mbuzi zake zilijulikana. Mbuzi za mafundi wengine, ukikuna nazi moja unainuka umeshika kiuno. Ya Ngwali unakuna nazi sita, unasahau kwamba umekaa.

Siri yake ilikuwa mkewe, Bi. Mwanamvua. Hakuna mbuzi iliyotoka nyumbani mle bila yeye kuikalia kwanza. Ngwali akimaliza kuchonga huita, "Bibi, njoo ukalie!" Mwanamvua anakuja na nazi yake na sahani, anaketi, anakuna mikuno mitatu minne, anatulia kama mtu anayeonja chumvi.

"Nzuri," anasema.

Ngwali hapo hainyanyui mbuzi. Anangoja. Miaka thelathini na moja amekuwa akingoja, maana anajua bado.

"Lakini mguu wa nyuma unacheza, Fundi."

Au siku nyingine: "Nzuri. Lakini chuma kimekaa juu mno, mwenye mkono mfupi atajikata."

Ngwali anachukua tezo, anarudi kazini. Zamani, ndoa yao ikiwa bado mbichi, aliwahi kumlalamikia.

"Wewe Bibi, mbona unaanza na nzuri na kumbe ni mbovu?"

"Ulitaka nianze na matusi?"

"Sema tu, mguu unacheza. Basi."

"Hebu nikuulize. Wewe ukiulizwa habari za nyumbani unajibuje?"

"Nzuri."

"Hata mkiwa mmefiwa?"

"Nzuri. Lakini tumefiwa."

"Haya. Na mbuzi nayo ina haki ya salamu yake."

Ngwali alicheka siku ile mpaka tezo likamponyoka.

Na watu wa nchi ile wote ndivyo walivyo. Kwao "nzuri" ni kubisha hodi tu, habari yenyewe iko ndani, nyuma ya lakini. Habari? Nzuri, lakini jiko limeungua na paa lote. Habari? Nzuri, lakini mwanetu hatujamtia machoni tangu juzi. Aliyeuliza anajua, kwa hiyo haondoki, anavuta kigoda anakaa. Hata mwizi mmoja aliyekamatwa sokoni alisalimiwa kwanza, akajibu kwamba habari nzuri, lakini mnaniumiza mkono.

Wataalamu waliokifunua kichwa cha binadamu jambo hilo hawakuliona. Pengine lilikuwa upande wa kisogoni.

*

Jumanne moja Mwanamvua aliamka na kichomi. Asubuhi alisema ni vumbi la mbao, litapita. Kufika adhuhuri alikuwa anahema kama mtu anayepanda ngazi, naye amelala. Ngwali akautoa mkokoteni wake wa kubebea magogo, akautandika kanga mbili na mto, akampakia, akasukuma.

"Fundi, polepole, mimi si gogo."

"Gogo lisingesema."

"Gogo halina mume mwenye papara," alisema, akataka kucheka, ikawa kikohozi.

Langoni mwa hospitali hapakuwa na foleni. Zamani foleni ya pale ilikuwa inafika sokoni. Ngwali alifurahi. Alijisemea, kumbe kweli watu wamepona.

Askari wa lango akawaonyesha pa kuweka dole gumba la mgonjwa. Kioo kikawaka.

"Karibu, Mwanamvua binti Shehe!" ilisema ile sauti, tamu kama ya binamu aliyerudi kutoka safari. "Habari yako?"

Zikatokea nyuso mbili. Wa kwanza ulikuwa mkubwa kama sinia, wa kijani, unacheka, umeandikwa NZURI, nao umekaa pale pale ambapo mkono wa mtu ukiinuka hutua wenyewe. Wa pili ulikuwa kwenye kona ya chini, rangi ya majivu, mdogo kama kifungo cha shati, umeandikwa MBAYA kwa herufi ambazo hata sisimizi angeomba miwani.

Mwanamvua hakuweza kuinua mkono. Ngwali akainua wake. Sasa jamani, mtu amesalimiwa. Amesalimiwa kwa heshima, kwa jina la mkewe na la baba mkwe wake, na mbele ya askari. Kabla kichwa chake hakijajua kinaulizwa nini, kidole kilikwishajibu.

Akafungua kinywa aendelee.

"Lakini..."

Ndani ya mashine vikapigwa vigelegele. "Tumefurahi sana kusikia hivyo, Mwanamvua! Wewe ni mzima. Tuonane baada ya siku saba." Na kikaratasi kikatoka tumboni mwa Mkarimu, kimepigwa chapa: MZIMA.

"La, ngoja kwanza," Ngwali akaiambia mashine. "Sijamaliza."

Mashine haikumtazama tena. Ilikuwa imeshageukia kumngoja mtu anayefuata, na hapakuwa na anayefuata. Ngwali akalichukua tena dole la mkewe, akalibandika.

"Mwanamvua, wewe ni mzima hadi Jumanne ijayo," ilisema sauti. Akalibandika tena. Ikasema vilevile, kwa upole uleule.

"Mwanangu," akamgeukia askari, "nimekosea. Mimi nilikuwa naitikia salamu tu."

"Ndiyo umeitikia, mzee, na imepokelewa. Huyu kaandikwa mzima. Mzima haingii hospitali, ndiyo kanuni. Ataambukizwa."

"Ataambukizwa na nani? Ndani hamna mtu!"

Ilikuwa kweli. Kule barazani daktari alikuwa ameketi peke yake, kipimo cha moyo shingoni, anakodolea lango kama muuza duka aliyekimbiwa na wateja.

"Si unamwona mwenyewe anavyohema?"

Askari hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia, akainama kwenye mkokoteni. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Hujambo, bibi yangu?"

Mwanamvua akazikusanya pumzi zote alizobakiza. "Sijambo, mwanangu. Hawajambo watoto?"

Askari akainuka, akavaa kofia.

"Umemsikia mwenyewe, mzee."

*

Walirudi nyumbani na kikaratasi chao. Jumatano Ngwali alikwenda peke yake langoni kubishana, akaambiwa aje na mgonjwa. Akasema mgonjwa hawezi kuinuka. Akaambiwa rekodi inaonyesha hana mgonjwa, ana mke mzima, na wanaume wengine wangeshukuru.

Ijumaa, jua limeshachomoza, alimletea Mwanamvua uji. Alimkuta ameegemea ukuta, macho yako kwenye mbuzi ambayo Ngwali alikuwa ameianza wiki ile hajaimaliza.

"Habari za asubuhi, Bibi?"

"Nzuri," alisema.

Ngwali akakaa kitandani na kikombe chake. Akangoja. Alizoea kungoja, miaka thelathini na moja. Uji ukafanya ngozi juu. Akangoja mpaka ukapoa kabisa, ndipo akaelewa kwamba safari hii hakuna kinachofuata.

Kisheria alikuwa mzima kwa siku nne zaidi.

*

Majirani walimzika siku ileile baada ya sala ya Ijumaa, bila kumwuliza Mkarimu. Haikupita wiki mbili, barua ikaja. Ngwali anatakiwa kufika Ofisi ya Makosa ya Mtumiaji.

Lilikuwa jengo la ghorofa tisa, na ghorofa zote tisa zilijaa watu wenye barua. Jirani nalo palikuwa na kibanda cha mabati kimefungwa kufuli, kimeandikwa Ofisi ya Makosa ya Mashine. Kufuli lilikuwa limeota kutu, kwa kuwa hapakuwahi kutokea kosa.

Aliyempokea alikuwa Katibu wa ofisi, Bwana Selemba, mtu wa tai mbili, moja shingoni na nyingine kwenye msumari, ya akiba.

"Mzee Ngwali. Unatuhumiwa kumzika mtu mzima kabla ya muda wake."

"Alikuwa amekufa, bwana mkubwa."

"Hayo ni maoni yako."

"Mtaa wote ulimbeba!"

"Mtaa nao una haki ya maoni yake." Katibu akafungua faili. "Lakini serikali haina ugomvi na mgane. Tumekutafutia njia nzuri. Tumekubali kwamba amefariki. Tumekuandalia na cheti, usihangaike."

Akagonga muhuri, akamsogezea. Ngwali alisoma kwa kufuata mstari na kidole, kama alivyofundishwa darasa la pili. Jina lilikuwa sawa. Tarehe sawa. Sababu ya kifo: KOSA LA MTUMIAJI. Mtumiaji: mume. Kiungo kilichohusika: kidole cha shahada, mkono wa kulia.

Kidole kilikuwa kimesimama juu ya jina lake chenyewe. Akakiondoa.

"Bwana mkubwa, mke wangu alikuwa na kichomi."

"Mfumo haukupokea taarifa ya kichomi."

"Basi andika tu alikuwa mgonjwa. Maneno mawili, sitaki zaidi. Cheti hiki nakwenda kukiweka kwenye sanduku lake, pamoja na kanga zake. Siwezi kumwekea humo karatasi inayosema mimi ndiye niliyemuua."

"Hatufuti, mzee. Tukikufutia wewe itabidi tuwafutie ghorofa zote tisa."

"Basi ongezeni kitufe kwenye ile mashine, asife mwingine. Kimoja. Mtu akishabonyeza nzuri, kitokee kingine kimeandikwa LAKINI."

Katibu alicheka mpaka akavua miwani. Akaifuta kwa ile tai ya msumarini.

"Lakini! Mzee wangu, lakini si taarifa. Lakini inaleta foleni. Hivi umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La tatu. Sikulimaliza."

"Unaona sasa."

"Naona," alisema Ngwali. "Mimi ni mchonga mbuzi. Nikichonga, simwambii mtu abadili makalio yafanane na mbuzi yangu. Namwita mwenyewe akalie, nitazame goti linaenda wapi, ndipo nakata. Ninyi hii mashine mlimkalisha nani?"

Hapo Katibu akaumia. Alikuwa na shahada, tena mbili, zilikuwa ukutani. Hakupenda wizara ionekane haijui kazi.

"Usituone wajinga, mzee! Akili ya binadamu tunaijua kuliko unavyoijua wewe mwenye nayo. Tunajua jicho hukimbilia kikubwa, kidogo hukioni hata kikiwa mbele yako. Tunajua kijani kinamwita mtu. Tunajua mkono ni mvivu, hutua palipo karibu. Tunajua mtu akisalimiwa hujibu kabla hajafikiri. Unadhani ile nzuri tuliiweka pale kwa bahati? Kabla ya Mkarimu, hospitali ya mji wako ilikuwa na wagonjwa elfu tisa kwa mwezi. Sasa hivi ni mia mbili na kumi! Mheshimiwa Waziri amevishwa nishani!"

Akakaa, anahema kwa fahari.

Ngwali alikiinua kidole chake, akakitazama mbele na nyuma, kama anavyotazama ubao kabla ya kuukata.

"Kumbe mlijua," alisema.

"Tulijua nini?"

"Kwamba hiki kitajibu kabla yangu."

"Ndio utaalamu wenyewe, mzee."

"Sasa kama mlijua, kosa langu mimi liko wapi?"

Katibu akavuta fomu kutoka kwenye faili, akaigeuza, akalitafuta kosa kwa makini kutoka juu hadi chini, maana alikuwa mtumishi mwaminifu na swali lilikuwa la haki.

"Liko hapa," akasema, akiweka kalamu kwenye mstari wa mwisho. "Tia sahihi."

*

Barua za ghorofa tisa zilipozidi kuwa nyingi, Mheshimiwa Waziri aliona lazima afanye jambo. Alizungumza redioni.

"Ndugu wananchi, tumelichunguza tatizo. Mashine haina kosa. Waliotengenezwa vibaya ni ninyi. Mashine hatuwezi kuibadili, mkataba hauturuhusu hata kuifuta vumbi. Kwa hiyo, kwa upendo mkubwa, serikali itabadili vichwa!"

Ikatoka Sheria ya Kuitikia Salamu kwa Usahihi. Kila mtaa ukapelekewa mwalimu. Yule wa mtaa wa kina Ngwali alikuja na boksi la friji, akalitoboa tundu la uso, akalivaa, akawa Mkarimu. Watu wakapangwa mstari kwenye uwanja wa shule. Wa kwanza alikuwa Bi. Chausiku, ajuza wa miaka themanini ambaye maishani mwake hajawahi kumkosea mtu adabu.

"Habari yako, mwananchi mpendwa?" boksi liliuliza.

"Nzuri, baba."

"Umekosea! Una maradhi gani?"

"Miguu. Na presha. Na jicho hili, wala halipo."

"Basi ujibu 'mbaya'. Tunarudia. Habari yako?"

"Nzuri, baba, alhamdulillahi."

"Bibi!"

"We mtoto, umenisalimia vizuri, umevaa boksi lako vizuri, mimi nikujibu mbaya? Mama yako atanielewaje?"

Uwanja ukaangua kicheko. Mwalimu akamtoa Bi. Chausiku pembeni, upande wa vichwa vigumu. Zamu ya Ngwali ikafika.

"Habari yako, mwananchi mpendwa?"

Ngwali alikishika kidole chake cha kulia kwa mkono wa kushoto, akakiminya. Hakujibu nzuri. Hakujibu mbaya. Alisimama tu mbele ya boksi, mpaka mwalimu akatoa uso wake nje ya tundu kuona kama mashine imeharibika. Akapelekwa akakae na Bi. Chausiku.

"Umemfanya nini yule?" ajuza alimnong'oneza.

"Sikumjibu."

"Vizuri. Hata mimi nimechoka kusalimiwa na boksi."

Lakini wengine walifundishika. Mwezi haukuisha, mtaa mzima ukawa umefuzu na vyeti ukutani. Ukipita njiani unasikia: "Habari?" "Mbaya." "Haya." Na kila mtu anashika njia yake. Hilo ndilo lililomkata Ngwali maini kuliko barua zote. Zamani mtu akisema nzuri, mwenzake alikuwa anatafuta pa kukaa. Sasa akisema mbaya, mwenzake anatazama saa. Mtu yuleyule aliyemsaidia kubeba jeneza alimuuliza habari yake, Ngwali akajikaza akasema mbaya, jamaa akamwambia, "Umejibu sawasawa, mzee," akapita.

*

Siku ya arobaini ilisomwa hitma. Watu walikula, wakashukuru, wakatawanyika. Alasiri Ngwali alibaki peke yake uani na ile mbuzi ambayo haijaisha. Alikuwa ameshindwa kuichonga, na ameshindwa kuikalia. Kando yake palikuwa na sanduku la kanga, wazi. Cheti alikuwa bado hajakitia humo. Kilikuwa mfukoni mwa shati lake, kimekunjwa mara nne.

Simu ya Mwanamvua ikalia.

Alikuwa anaichaji kila siku, hata hajui kwa nini. Kioo chake kilikuwa kimewaka, na ile sauti tamu ikasema, "Mpendwa Mwanamvua! Ni siku nyingi. Habari yako?" Mkarimu, jamani, hasahau mtu, ukishambandikia dole langoni anakufuata hadi kwenye simu. Ofisi ya vifo ilikuwa na cheti, lakini ofisi ya salamu ilikuwa ghorofa nyingine, na lifti ilikuwa mbovu.

Zikatokea nyuso mbili. Ule wa kijani ukamchekea.

Ngwali alikiweka kidole cha shahada cha mkono wa kulia nyuma ya mgongo wake, akakibana baina ya mgongo na ukuta. Akanyoosha kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kidogo, ambacho hakijawahi kufanya kosa wala kazi. Akatafuta kwenye kona. Mara ya kwanza akakosa. Mara ya pili akakosa. Akafuta machozi, akatafuta tena, akabonyeza.

"Pole sana, Mwanamvua!" sauti ilisema. "Msaada unakuja."

Na ulikuja! Haki ya Mungu ulikuja. Dakika kumi na moja tu, king'ora kinalia, kuku wa mtaa mzima wanaruka. Lilikuwa gari jipya la wagonjwa, jeupe pe, viti vyake bado vimo kwenye nailoni, maana tangu linunuliwe halikuwahi kuitwa. Alishuka bwana wa kamera kutoka wizarani, na nyuma yake muuguzi, mama wa makamo mwenye mvi, jina lake Mwatime, amekumbatia machela.

Baadaye, jioni ile, redio ilikuja kutangaza kwamba mfumo umethibitika. Mwananchi mmoja aliyejibu kwa usahihi alifikiwa kwa dakika kumi na moja. Mheshimiwa Waziri akavishwa nishani ya pili. Siku arobaini za mwanzo hazikutajwa. Hazikuwa na mahali kwenye fomu.

"Mgonjwa yuko wapi, mzee?" aliuliza bwana wa kamera. "Tuwahi mwanga."

"Nifuateni," alisema Ngwali.

Akawapitisha nyuma ya nyumba, wakavuka kijia, wakaingia makaburini. Machela ilikuwa inagonga magoti ya Mwatime. Ngwali akasimama penye kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado haujatulia, limewekewa ubao wa mvule aliouchonga mwenyewe.

"Huyu hapa," alisema. "Mmekuja kumchukua. Mchukueni."

Bwana wa kamera alitazama kaburi, akatazama kamera yake. Akaliona jambo lenyewe haliingii kwenye picha. Akageuka akarudi garini, kwenye nailoni.

Mwatime akaiweka machela chini taratibu, kama vile mna mtu juu yake. Alikuwa na fomu mkononi, na fomu ilikuwa na visanduku viwili tu. Kalamu alikuwa nayo. Akavuta upindo wa kanga aliyojitanda, akajifunika kichwa vizuri. Kisha akafanya kama alivyofundishwa na mama yake, zamani, kabla hajafundishwa na wizara.

"Habari za hapa, baba?"

Ngwali alikuwa amejifunga kibwebwe kwa siku hii. Alikuwa na maneno arobaini, yote makali, ameyanoa moja moja, ya kumtupia mtu yeyote wa serikali atakayekanyaga pale. Akafungua kinywa.

"Nzuri," alisema.

Alilisikia likimtoka. Akainamisha kichwa. Akajua kwisha, amefanya tena, amemfanyia tena, mbele ya kaburi lake mwenyewe. Akangoja kusikia kalamu ikitia alama kwenye kisanduku.

Hakusikia kitu. Alipoinua macho, Mwatime alikuwa ameketi chini kwenye ukingo wa machela, fomu ameigeuza upande wa nyuma, ule mweupe usioandikwa kitu, ameiweka juu ya goti. Alikuwa anamtazama. Kule barabarani gari lilipiga honi. Hakugeuka.

"Lakini?" aliuliza Mwatime.

Ngwali akakaa chini. Akakitoa kile cheti mfukoni, akakishika kwa mikono miwili, vidole vyote kumi.

"Lakini mke wangu anaumwa," alisema.